Mjomba wa Sauti ya Nne



Kamati ya yubile ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, sisi watoto wa dada zake tulipewa ukurasa wa marehemu mjomba wetu, mwalimu wa kwanza wa kwaya hii. Tuliambiwa tuandike aya mbili na tuweke picha. Picha tumeweka. Aya mbili zimetushinda, kwa sababu kila tukijaribu kueleza kwaya yetu ilitoka wapi tunajikuta tumerudi mlangoni kwake. Mwenyekiti wa kamati ametuvumilia, na mchapishaji ameongeza karatasi.

Kwanza tuwaondolee wasiwasi wageni waliotoka mbali. Leo mtasikia watu wakisema kwamba Mama ndiye aliyekuwa akiimba besi, na kwamba Mama alikuwa na ndevu nyeupe. Hamjasikia vibaya. Sisi Wakipsigis mjomba, yaani kaka ya mama mzazi, tunamwita "mama". Mhubiri mmoja mgeni alialikwa hapa Siongiroi zamani kidogo, akatangaziwa kwamba Mama atafungua ibada kwa wimbo. Akageuka upande wa akina mama, akangoja. Aliposimama mzee mrefu mwenye koti la mvua na kutoa sauti kama ya pipa tupu, mhubiri alicheka mpaka akatafuta leso. Hata wasio wa damu yetu walimwita hivyo hivyo, na ndiyo maana hatukuandika jina lake hapa. Liko chini ya picha. Ukilitaja sokoni, nusu ya watu watakuuliza huyo ni nani.

Mjomba kwetu si ndugu wa pembeni. Katika desturi za wazee wetu baraka ya mjomba ilitafutwa na laana yake iliogopwa kuliko nyingine nyingi, na mvulana hakuingia jandoni kabla mjomba hajaarifiwa. Baba anaweza kukuchapa na mambo yakaisha. Mjomba akinyamaza tu, nyumba nzima inakosa usingizi. Tunasema haya ili vijana waelewe kwa nini watu wazima waliokuwa na ng'ombe na wajukuu walikuwa wakifika mazoezini mbio mbio, wakihema, kwa kuogopa kukutwa na mzee aliyesimama mbele ya ubao bila kusema neno.

Sasa, aliupata wapi muziki? Siongiroi si nchi ya majani chai. Mgeni anayetoka Kericho huona mashamba ya kijani yakimsindikiza njia nzima, halafu akiteremka kuja kwetu Chepalungu anaona nchi inabadilika, joto linaongezeka, na badala ya chai kuna mahindi na ng'ombe, na ng'ambo ya huko ni Narok. Lakini chai imetuingia majumbani kwa njia nyingine. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kupandwa miaka ya 1920, na tangu hapo vijana wa huku wamekuwa wakipanda juu kutafuta mshahara. Siku hizo Bomet yenyewe ilikuwa bado ni sehemu ya Kericho. Wilaya yetu iliundwa mwaka 1992 tu. Mjomba alipanda akiwa kijana asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu, akapewa kikapu na aproni ya plastiki.

Alitusimulia kazi ile mara nyingi. Unachuma majani mawili na kichipukizi chake, unatupa nyuma begani bila kutazama, unakimbizana na mstari kabla jua halijawa kali, na jioni unasimama kwenye mizani ukiomba kilo zisikukane. Hakupenda kuchuma, na alisema vidole vyake vilikuwa vikubwa mno kwa kazi hiyo. Kilichomweka kule miaka yote ile ni kambi. Kwenye nyumba za mstari wa kambi waliishi watu wa kila kabila waliofuata mshahara uleule: Waluo, Waluhya, Wakisii, na Wakipsigis kama yeye. Jumapili hawakuwa na lugha moja isipokuwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe wengi wao walikijulia kwenye Nyimbo za Injili na Tenzi za Rohoni. Jioni mtu mmoja alianza wimbo kutoka mlangoni kwake akiwa bado anaosha miguu, jirani akashika sauti ya pili, na kabla chai haijachemka mstari mzima ulikuwa unaimba. Hapo ndipo Mluhya mmoja, mpishi wa kambi, alipomfundisha mjomba kusoma solfa.

Solfa ni nini? Wengi wetu tunaiimba bila kujua ilikotoka, na mjomba hakupenda hivyo. Ni ule mtindo wa kuandika sauti kwa herufi badala ya vichwa vyeusi vilivyoning'inia kwenye waya: d ni do, r ni re, m ni mi, na kuendelea. Chanzo chake ni Uingereza. Mwalimu mwanamke aliyeitwa Sarah Glover wa mji wa Norwich aliubuni ili watoto waimbe bila kuhangaika na nota, na mchungaji John Curwen akauboresha na kuueneza katika karne ya 19. Wamisionari waliubeba kuja Afrika kwa sababu ya urahisi wake. Huhitaji kinanda, wala karatasi ya mistari mitano. Unahitaji chaki, ubao, na mtu mmoja mwenye sikio la kushika do. Kwa maneno mengine, ulifaa kabisa kwa kanisa la udongo lisilo na kitu.

Mjomba aliporudi nyumbani na akiba yake ndogo, alinunua ng'ombe wawili na ubao mmoja. Mama zetu walisema wazi kwamba angenunua ng'ombe watatu.

Hatutapoteza nafasi kusimulia jinsi kwaya ilivyoanza, kwani ukurasa wa historia umeeleza. Tutasema tu jambo ambalo ukurasa ule hauwezi kusema, yaani kwamba historia ile yote imetoka kwenye madaftari yake. Aliacha madaftari matano ya shule, yamefunikwa kwa karatasi ngumu za mifuko ya unga, yameandikwa kwa penseli. Panya walilipata moja. Katika manne yaliyobaki kuna nyimbo, kila moja kwa sauti nne, na pembeni mwa nyimbo kuna maisha yetu. Aliandika maneno mafupi kama mtu anayelipia kila herufi. "Mvua, watu sita." "Tena wamelala." "Alto wa tatu ameolewa Chebunyo." Mwaka 1984, ule wa ukame ambao wazee hawajausahau, aliandika "mazoezi baada ya maji", akimaanisha kwamba waimbaji walikuja wakishateka, hata ikiwa ni usiku. Mwaka 2011, ugonjwa mpya wa mahindi ulipoonekana huko Longisa kwa mara ya kwanza katika nchi yetu na baadaye ukasambaa mpaka nje ya mipaka, aliandika hivi: "Mahindi yamekauka yakiwa mabichi. Hakuna mchango wa sare." Picha ya mwaka ule, iliyo katikati ya kijitabu hiki, inaonyesha kwaya imevaa sare za zamani zilizokwisha rangi. Sasa mnajua sababu.

Juu ya kila wimbo aliandika pia mtu aliyempa. Tunaona hili ndilo jambo lake kubwa kuliko yote. "Kutoka kwa Mluhya, mpishi." "Kutoka kwa Mjaluo wa mizani." "Kutoka kwa dada yangu mkubwa, aliusikia Tenwek." Majina mengine ameyaandika kamili, mengine ni kabila na kazi tu, kwa sababu kambini ndivyo watu walivyojulikana. Hakuna wimbo usio na mwenyewe.

Na mwaka 2008 jambo hilo lilimgharimu. Waliokuwa wakubwa wanakumbuka Januari na Februari ya mwaka ule, baada ya uchaguzi. Hapa jirani, kwenye mpaka wa Sotik na Borabu, kuanzia Chebilat na kuendelea, Wakipsigis na Wakisii waliokuwa wameuziana maziwa na ndizi miaka nenda rudi walichomeana nyumba. Kanisani tulikuja tukikaa karibu na mlango. Jumapili moja katika siku zile mjomba alisimama mbele ya kwaya, akafungua daftari la pili, na kabla ya kutoa sauti akasoma kwa nguvu maneno yaliyo juu ya wimbo: wimbo huu tumeupata kwa Mkisii, rafiki yangu wa kambi, aliyelala chumba kimoja nami miaka minne. Halafu akatoa do.

Baadhi ya watu walitoka nje. Tuseme ukweli, hata ndani ya kwaya kuna waliofunga midomo, na wawili kati yetu tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwao. Tulikuwa na hasira ya kijana, tukaona mzee anatuaibisha. Wimbo uliimbwa na watu tisa, besi ikiwa yeye peke yake. Hakutukemea siku ile wala wiki iliyofuata. Pembeni mwa wimbo aliandika tu: "Watu tisa." Tulikuja kuyaona maneno hayo mwaka jana, tulipokuwa tukiandaa kijitabu hiki. Miaka yote tulidhani hakuhesabu.

Msidhani kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mkali kupita kiasi kwa watu wa sauti ya kwanza, na aliamini kwamba kila anayeimba soprano anajipenda. Aliwatoza faini ya yai moja wachelewaji, na mayai yale aliyala. Alipinga kinanda cha umeme kwa miaka sita. Mtambo wa kupoza maziwa ulipoanzishwa hapa Siongiroi na watu wakaanza kukamua kwa saa badala ya kukamua wakitaka, aliufurahia mno mtambo huo. Hakuwa akijali bei ya maziwa. Alifurahi kwa sababu sasa kila mtu aliamka mapema, na hivyo hapakuwa tena na kisingizio cha kuchelewa mazoezi ya Jumamosi.

Tena alikuwa na siri moja. Hiyo ilitoka mwaka 2015, na inabidi turudi nyuma kidogo ili kuieleza.

Mwaka 1950 Mwingereza mmoja aliyeishi Afrika Kusini, Hugh Tracey, alipita huku na mitambo yake ya kurekodi. Alizunguka sehemu nyingi za Afrika akikusanya nyimbo za wenyeji, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika ambayo ipo mpaka leo huko Afrika Kusini. Alifika Kapkatet, pale barabarani kati ya Litein na Sotik, akarekodi nyimbo za Wakipsigis. Wimbo mmoja wa wasichana, ukipigiwa kinubi chetu, umesikilizwa dunia nzima kuliko kitu kingine chochote kilichowahi kutoka kwetu isipokuwa wanariadha. Unaitwa Chemirocha. Asili ya jina hilo inachekesha. Santuri za mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933, zilikuwa zimefika vijijini pamoja na gramafoni. Watu wetu walilishika jina lake kwa ulimi wao, likawa Chemirocha, na wasichana wakamwimba kama kiumbe nusu mtu na nusu swala, wakimwita aje acheze. Mwimbaji mwenyewe alikuwa amekufa zamani, na hakujua kamwe kwamba huku Kapkatet amepewa kwato.

Nyimbo zile zilikaa ng'ambo miaka 65. Wenyewe hawakuwa wamezisikia. Halafu watu wa maktaba ile, wakishirikiana na wanamuziki wa Nairobi, wakazirudisha Kapkatet na kuwatafuta waliorekodiwa, na baadhi yao wakapatikana wakiwa hai, wazee na vikongwe, wakasikilizishwa sauti za ujana wao.

Habari hizo zilipotangazwa redioni, mjomba alikuwa anakunywa chai kwetu. Akaweka kikombe chini, akaanza kuuimba ule wimbo. Wote tukamtazama. Mzee wa kanisa, mtu wa solfa, aliyetukataza kinanda! Akatuambia kwamba alipokuwa mtoto dada zake wakubwa waliuimba mpaka ng'ombe wakaujua. Alipookoka aliuacha, kwa kuwa siku hizo mwamini hakutakiwa kuonekana karibu na kinubi, chombo cha pombe na ngoma. Alikuwa ameubeba kichwani miaka sitini bila kumwimbia mtu. Hakuna daftari lenye wimbo huo. Tumeyapekua yote.

Siku ile alitwambia, "Na mimi nirekodini, msije mkanitafuta kwa tochi." Tukacheka. Tukasema tutafanya baada ya mavuno. Mavuno yakaja, ikawa baada ya mitihani ya watoto. Ikaja mwaka wa uchaguzi, 2017, nani ana nafasi? Simu tulikuwa nazo mifukoni, kila mmoja wetu. Tulirekodi harusi na magoli ya mpira. Hata fahali aliyepanda juu ya lori tulimrekodi. Mjomba tulimrekodi mara moja tu, Jumamosi ya mazoezi, na hiyo ni kwa sababu mpwa wake mmoja alikuwa anajaribu simu mpya. Mvua ikaanza, ikapiga mabati, tukasema tutaendelea wiki ijayo. Kila mtu anayesoma hapa anajua wiki ijayo ni siku gani.

Machi 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, makanisa yakafungwa. Kwaya iliyokuwa haijakosa Jumamosi tangu kuanzishwa ikanyamaza. Mjomba alikuwa ameshadhoofika, si kwa ugonjwa huo bali kwa uzee na moyo. Tulimpelekea mursik na kumsalimia tukiwa tumesimama mbali, naye alichukia sana jambo hilo la kusimama mbali. Alituuliza nani anafundisha. Tukamwambia hakuna mazoezi, ni amri. Akauliza: hata besi? Kana kwamba besi ingeweza kupewa ruhusa yake peke yake.

Alilala mwezi wa Mei. Sheria ya wakati ule iliruhusu watu 15 tu mazishini, na kafyu ilianza saa moja jioni, kwa hiyo hapakuwa na matanga, wala kesha, wala nyimbo za usiku. Watu 15! Toa mchungaji. Toa mjane na watoto wake. Toa wachimbaji wa kaburi na wazee wawili wa ukoo. Wapwa wake tulipewa nafasi mbili, na wapwa wake wanaojulikana ni thelathini na mmoja. Namna zile nafasi mbili zilivyogawanywa hatutaieleza hapa, maana tumekwisha kusameheana, au karibu. Mtu aliyefundisha kwaya kuzika wafu wa kijiji kizima, aliyesimama kwenye kila kaburi la Siongiroi akishika besi, alizikwa bila kwaya. Hakuna aliyefanya kosa. Amri ile ilikuwa ya nchi nzima, na ililinda watu. Lakini uchungu wake hautuishi.

Tulifanya tulichoweza. Tulipigiana simu, tukakubaliana kwamba jeneza likitoka nyumbani, saa saba mchana, kila mwimbaji asimame langoni kwake aimbe. Mnaijua nchi yetu ilivyo, boma moja kilimani na jingine ng'ambo ya bonde. Tulianza saa saba. Shida ni kwamba saa saba ya simu yangu si saa saba ya simu yako. Soprano waliokaa upande wa shule walitangulia. Alto wakawafuata wakiwa ubeti mzima nyuma. Tena walikuwa na upepo. Mmoja wa wale wawili wetu waliokuwa kaburini ni mwimbaji wa besi, naye ametuambia kwamba kutoka pale ilisikika kama watu wengi wanaoitana kutoka milima tofauti, kila mmoja na neno lake. Alijaribu kuishika besi akiwa peke yake, akapoteza do. Mchungaji akangoja. Akaipata tena aliposikia alto wa ng'ambo wakifika kwenye kiitikio, akawafuata mpaka mwisho.

Makanisa yalifunguliwa tena Julai, kwa ibada ya saa moja, na wazee waliozidi miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Mjomba angekuwa hai, amri hiyo ingemuua.

Sasa tuna jambo moja la kuungama mbele ya kanisa, na limehusu wimbo wa nne kwenye ratiba ya leo. Kwaya iliporudi, mwalimu wetu mpya, kijana mwenye bidii ambaye hakufundishwa na mjomba, aliomba madaftari ili kufufua nyimbo zilizosahauliwa. Wimbo mmoja ulikuwa haujaimbwa karibu miaka mitatu. Katika kiitikio chake, mstari wa tena, kuna herufi inayosomeka t, yaani ti. Besi hapo iko kwenye fa. Wenye masikio wanajua fa na ti zikikutana hazipatani. Zinagombana kama paka wawili chini ya uvungu. Tena wawili wazee walisema hawakumbuki ti pale, wanakumbuka la. Lakini nani angemsahihisha marehemu? Sisi wapwa ndio tuliokuwa wa kwanza kupiga kelele: Mama mwenyewe ameandika, tutaimba alivyoandika. Tukaimba ti. Tumeiimba mazishini na kwenye mashindano, na wageni wamekunja uso, nasi tukajisifu kwamba hiyo ndiyo alama ya kwaya yetu, wengine hawaielewi. Kuna waliotokwa na machozi kila tulipofika kwenye ti.

Mwaka jana, tukitafuta picha za kijitabu, mpwa yule wa simu mpya aliingiza kadi ya zamani kwenye kompyuta. Ndani yake kulikuwa na ile Jumamosi. Dakika nne. Mabati, mvua, ndama analia. Kwaya inaimba wimbo huohuo. Inafika kwenye kiitikio, na sauti ya mjomba inakatiza: "Tena! Simameni." Anakohoa. Halafu anawaimbia polepole, mara mbili, ile nota. Ni la.

Tulirudi kwenye daftari, safari hii tukiwa na mwanga wa dirishani. Ukurasa ulikuwa umekunjwa kwa miaka mingi, na mstari wa mkunjo umepita katikati ya l. Ukisoma kwa haraka, na kwa macho ya mtu anayelia, ni t.

Tulikutana wapwa wote, tukasikiliza mara tano. Tulibishana mpaka ng'ombe wakachelewa kukamuliwa. Wengine walisema tumeizoea ti na imekuwa kumbukumbu yetu ya mjomba. Mmoja wetu akajibu kwamba hiyo ni kumbukumbu ya karatasi iliyokunjwa, na mjomba yuko kwenye simu akituambia tusimame. Hakuna aliyepata la kumjibu. Daftari limepelekwa kwa katibu wa kanisa pamoja na mengine matatu, na nakala za kurasa zote ziko kwenye kadi mbili, moja kwa mchungaji na moja kwetu. Dakika nne zile tumezigawa kwa yeyote anayezitaka, aje na simu yake baada ya ibada.

Leo wimbo wa nne utaimbwa na la. Kabla ya kuanza, mwalimu atasoma maneno yaliyo juu yake, kwani ndio ule wimbo wa mwaka 2008, aliopewa na yule Mkisii wa kambini. Besi wataanza peke yao, kama alivyopenda. Tena wawili wa mstari wa nyuma wametuambia kwamba midomo yao imekwisha kuizoea ti na hawaahidi kitu. Tafadhali mkiwasikia msigeuke kuwatazama.